Mbwa wa Sanduku la Nyanya

Mbwa yule aliletwa kutoka Katito ndani ya kikapu, juu ya viazi vitamu, na kabla hajafika kwetu Kondele alikuwa ameshavichafua viazi vyote. Shangazi aliviosha mara mbili, akavichemsha, tukala. Mtu mwingine angesema hiyo ilikuwa ishara. Mimi sikuwa mtu wa kuamini ishara.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Faida ya shahada, kadiri nilivyoiona, ilikuwa kwamba uliruhusiwa kusubiri kwenye viti vizuri zaidi. Kila asubuhi nilibeba vyeti vyangu kwenda kukalia viti hivyo mjini Kisumu, na shangazi, ambaye alinihifadhi chumbani kwake, alitoka kwenda kuuza samaki. Mbwa alibaki peke yake. Hatukuweza kumwacha huru kwa sababu majirani wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walianika omena, wale dagaa wa ziwani, uani juu ya magunia. Tukimfunga kamba, aliitafuna. Basi shangazi akatafuta sanduku la mbao lililokuwa la nyanya, akalipigilia kijilango, akaliweka nje kando ya mlango wetu, na humo mbwa akawa anashinda mpaka turudi.

Kila tuliporudi, sanduku lilikuwa limechafuka, mbwa amejibana kwenye kona moja kavu, akitutazama kana kwamba sisi ndio tuliofanya kosa.

Ushauri haukukosekana. Fundi baiskeli wa kando ya barabara alisema tumsugue pua kwenye uchafu wake. Nikamuuliza kama na yeye alifundishwa choo hivyo. Mama mmoja wa kanisani kwa shangazi alisema tunyunyize pilipili. Mwingine alisema mbwa wa Katito hawajui mambo ya mjini, wape muda. Niliuliza kila mmoja kama aliwahi kuona dawa yake ikifanya kazi kwa macho yake. Hakuna aliyewahi. Wote walikuwa wamesikia.

Muda wenyewe hatukuwa nao. Mama wa chumba cha pili, ambaye mume wake alikuwa mgonjwa kitandani, alimwambia shangazi kwamba harufu inaingia dirishani kwake, na isipoisha kufikia mwisho wa mwezi atamwona mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakutaka mbwa tangu mwanzo. Ingebidi mbwa arudi Katito, kwa mjomba ambaye tayari alikuwa amewatia ndugu wote wa mbwa huyo kwenye gunia na kuwatupa mtoni. Shangazi, ambaye alidai hampendi yule mbwa, alianza kuniuliza kila jioni, hata kabla ya kutua beseni lake la samaki kutoka kichwani: "Amefanya tena?"

Nikaamua kutumia akili. Kama mbwa alikuwa anajitafutia kona kavu, basi hapendi kulala kwenye uchafu. Nililipunguza sanduku kwa ubao ili lisimpe nafasi ya chumba cha kulala na choo pamoja. Nililisugua kwa sabuni, nikalianika juani. Alfajiri nilimpeleka mtaroni nikasimama naye mpaka amalize, huku wanafunzi wakipita na kunicheka. Mwisho nikasema asipewe chochote asubuhi, ale jioni tu.

Hapo tukagombana. Kwa shangazi, kumfungia nyumbani kiumbe ambaye hajala ilikuwa aibu. Hata mgeni usiyempenda, alisema, humwachi na tumbo tupu. Nilimweleza habari za tumbo la mbwa mchanga kwa urefu ambao leo unanifanya nimwonee huruma. Akaapa kwa shingo upande kwamba hatampa kitu.

Jioni ile sanduku lilikuwa chafu. Kesho yake pia. Na ndani ya ule uchafu niliona miiba ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Nilimshutumu shangazi. Akaniambia kwamba akiapa ameapa, na kwamba chuo kikuu kimenifundisha kushuku watu walionilea. Tukala ugali kila mtu na sahani yake.

Siku iliyofuata nilirudi kabla ya saa sita, kwa kuwa mkubwa niliyemwendea alikuwa amesafiri, kama kawaida ya wakubwa. Nikamkuta mama wa chumba cha pili amechuchumaa mbele ya sanduku, anapenyeza ugali na mgongo wazi katikati ya mbao. Alikuwa anamnong'oneza mbwa: "Kula, nyamaza. Kula, nyamaza."

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumtolea mama wa watu, kama yeye si yule anayelalamika harufu.

Hakushtuka. "Mkitoka tu analia, nyathina, mwanangu," alisema. "Ile ya kuvuta. Na mzee amelala hapo ndani."

Nilielewa. Kwetu, mbwa akilia kwa kuvuta sauti hivyo, anaita matanga. Nikafungua mdomo kumuuliza ni mbwa wangapi aliowasikia wakilia bila mtu kufa. Kabla sijaanza, sauti ya mzee ikatoka dirishani.

"Mwambie huyo mtu wa chuo mimi mbwa hanisumbui. Mbwa amekula. Mimi bado chai."

Nikakaa chini pale pale uani. Nilimwambia mama kwamba mbwa analia kwa sababu ya upweke, na anachafua kwa sababu ya ugali wake yeye. Akanijibu kwamba hiyo ya upweke hata yeye angeniambia, lakini nani aliuliza? Tukabishana mpaka chai ya mzee ikaiva. Mwishowe alikubali: mchana mbwa afungwe kwa mnyororo mlangoni kwake, mahali mzee anamwona na omena haifikiki, asipewe kitu, na mama ampeleke mtaroni akianza kuhangaika.

Hakulia tena, wala hakuchafua. Mwezi ukaisha, mwenye nyumba hakuitwa. Mzee naye akaanza kuketi nje kwenye kiti, miguu yake ikiwa juu ya mbwa, na mama akaitangazia ploti nzima kwamba yule mbwa alitumwa kuzuia kifo. Nilijaribu kueleza. Tumbo, nilisema. Upweke. Mtaro.

Shangazi alikuwa anatua beseni lake. "Amefanya tena?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Katika sanduku shangazi aliweka kuku. Wakalichafua kila siku, na hakuna mtu aliyekuja na ushauri.