Jina Alilolifuta kwa Tupa

Elirehema Sumari ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya nusu ya hiyo ameitumia kutengeneza baiskeli Kwa Mrombo, hatua chache tu kutoka sokoni. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ni fundi, ingawa tangu utotoni neno alilolitaka lilikuwa jingine. Alitaka kuitwa mwalimu. Mwaka aliomaliza darasa la saba kahawa ya baba yake kule mlimani haikuzaa, wadogo zake walikuwa watano, na shule ikaishia hapo. Lakini ualimu haukumtoka. Hawezi kukaza nati bila kumweleza aliyesimama karibu kwa nini inakazwa hivyo na si vinginevyo. Wateja wenye haraka humwachia baiskeli na kukimbia.

Mambo ya umeme yalianza kwa sababu ya Nanyori, mama muuza maziwa. Kila asubuhi alipita pale akisukuma baiskeli yenye madumu mawili, akihema, na kila asubuhi Elirehema alimwonea huruma. Siku moja akaenda mjini kwa mafundi wa kompyuta, akaomba betri za laptop zilizokufa, akazipasua. Ndani alikuta seli ndogondogo, na si zote zilikuwa zimekufa. Alizipima moja moja, nzima akaziweka huku, mbovu kule, kazi ya wiki nzima. Kisha akaziunga, akazifungia kwenye sanduku la bati chini ya fremu, na kwenye gurudumu la nyuma akafunga mota.

Ya kwanza ilikwenda mita mia ikazima. Ya pili iliwaka moto ikateketeza kibanda chake na kila spana iliyokuwamo. Watu wa sokoni, hasa wale anaowazibia pancha kwa mkopo, wakaanza kusema mzee huyu atatuchoma wote, ahamishwe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja na nguzo za kujenga kibanda upya. Huyo ni Lemburis, mkulima na mfugaji wa Ngaramtoni, ambaye mifugo yake hulishwa huko Terrat na ndiyo maana Kwa Mrombo ni njia yake. Alishusha nguzo, akavua koti, akachimba mashimo siku mbili bila kuombwa. Elirehema hakuisahau fadhila hiyo. Baiskeli ya tatu ilipokubali, ikapanda kilima na mtu mzima juu yake bila pedeli kuguswa, hakuiuza. Alimpa Lemburis.

Baada ya wiki Lemburis alirudi na kondoo jike mchanga.

"Mwenzangu," alisema, "sisi ukipeana mnyama na mtu, hamuitani tena majina ya kila siku. Mnaitana kwa mnyama yule. Huyu ni kondoo, kwa hiyo kwa lugha yetu mimi nakuita Pakerr, na wewe niite Pakerr. Na Pakerr hamdanganyi Pakerr. Akifanya hivyo, hana uso mbele ya wazee."

"Pakerr," Elirehema alijaribu, akacheka kwa furaha. Yeye ni Mmeru, na hakuwahi kupewa jina na mtu wa nje ya ukoo wake.

"Tena sikumkata sikio. Angalia, masikio mazima. Wewe ndiye utakayemtia alama yako."

Hapo Elirehema akaona aibu. Mwenzake amemletea mnyama asiye na alama, naye baiskeli aliyoitoa ilikuwa na jina lake kwenye kifuniko cha sanduku la betri, alilolichora kwa msumari: ELIREHEMA KWA MROMBO. Akaona amempa mtu zawadi huku ameishikilia mkia. Akachukua tupa.

"Acha, Pakerr, si kitu," Lemburis alisema.

"Si kitu kwako. Kwangu ni kitu."

Akasugua mpaka bati likang'aa. Hakuna aliyemlazimisha. Alijimaliza mwenyewe, na alijimaliza kwa adabu. Juu ya bati lile jeupe Lemburis alichora kwa rangi nyekundu alama ya ng'ombe wa ukoo wake, na wote wawili wakaona imependeza.

Miaka mitatu ikapita. Elirehema alifunga baiskeli nyingine nyingi, ya Nanyori ikiwamo, na Lemburis akaja na kwenda na ile yake, Pakerr huku, Pakerr kule, mpaka wateja wakaizoea salamu hiyo bila kujua maana yake. Mwezi wa sita mwaka huu akaja na kipande cha katoni na kalamu. Alitaka kujua seli zinapangwaje, waya upi unakwenda wapi, mota inachaguliwaje. Elirehema alifurahi kupita kiasi. Hatimaye mtu asiyekuwa na haraka! Alizungumza mchana kutwa, na Lemburis akaandika na kuchora kwa mkono wake mwenyewe, akanywa chai, akaaga.

Baada ya hapo simu yake ikawa haipokelewi. Elirehema akadhani yuko machungani.

Aliyempa habari ni Nanyori. Alimpigia simu siku ya gulio kutoka Ngaramtoni, kelele za soko zikiwa nyuma yake. "Fundi, hongera! Hapa ofisi ya kata kuna turubai na baiskeli ya umeme mbele. Wanasema wamepata mwalimu wa kufundisha vijana, watatengeneza baiskeli za wahudumu wa afya wa vijijini. Mbona wewe mwenyewe sikuoni?"

Mwalimu. Elirehema alifunga kibanda, akapita nyumbani kuvaa koti la kanisani, akapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa na sherehe moyoni. Alijua kabisa: Pakerr amemtafutia nafasi, amenyamaza ili amshtukize. Pale nyumbani mkewe, Ruth, alikuwa amemwuliza kwa nini basi hajapigiwa simu. Alimwambia aache maneno.

Chini ya turubai walikaa vijana, wazee wa Ngaramtoni na watu wa mradi huo wa baiskeli. Mbele kabisa alisimama Lemburis kando ya baiskeli, akieleza kwa maneno ambayo Elirehema aliyatambua moja moja, mpaka mzaha wake wa seli mbovu kuwa wageni wasiochangia harusi. Msichana kiongozi wa mradi, Lilian, akauliza nani alimfundisha.

"Nimejifunza mwenyewe," Lemburis alisema. "Hii ndiyo ya kwanza."

Elirehema alisimama. "Hiyo nimeitengeneza mimi."

Watu wakageuka. Lilian akaja mpaka alipo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Lemburis hakubabaika hata kidogo. "Huyu namfahamu, yuko Kwa Mrombo. Mimi nawaza, yeye ananifungia nati. Utaziona kazi zangu kwake nyingi tu." Akainua kile kipande cha katoni, chenye mwandiko wake.

"Baba, kuna alama yako yoyote hapo?" Lilian aliuliza kwa upole, na upole wake ulimuumiza zaidi.

Elirehema akainama, akatazama kifuniko. Rangi nyekundu ya ukoo wa Lemburis ilimkodolea macho. Mahali pa jina lake pamesuguliwa safi, na aliyesugua ni yeye. Aseme nini? Kwamba alilifuta mwenyewe, kwa heshima? Nani angemwelewa?

Ndipo akawaona wazee. Walikuwa wamekaa mstari wa mbele na fimbo zao, na wale wangeelewa. Neno moja tu likitoka kinywani mwa Lemburis, watajua kwamba walipeana, na watauliza walipeana nini.

"Mwanangu," alimwambia Lilian, "mimi sina alama. Muulize tu huyo huwa ananiitaje."

Lilian akageuka. "Mwalimu, huyu baba huwa unamwitaje?"

Lemburis alimtazama Elirehema, kisha akawatazama wazee, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa ule wa mtu aliyechimba mashimo siku mbili bila kuombwa. Elirehema alimsihi kwa macho. Sema, Pakerr. Nafasi chukua, nitakuachia, lakini sema.

"Fundi," alisema Lemburis. "Namwita fundi."

Elirehema alirudi kwa miguu mpaka barabara kuu, koti begani, akilia bila kujificha, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili. Nyumbani Ruth alimtoa kondoo pale mbele ya mlango, akamfunga nyuma ya migomba mumewe asikoweza kumwona.

Wiki tano baadaye, saa nne asubuhi, simu ililia kibandani. Elirehema alikuwa na mteja, kijana wa duka la dawa mwenye tairi lililotoboka.

"Pakerr!" Sauti ya Lemburis ilikuwa juu. "Pakerr, betri imepata moto, sanduku linatoa moshi. Tumo darasani, nifanye nini?"

"Vijana wako ndani?"

"Kumi na wawili."

"Watoe wote kwanza. Usishike kwa mkono. Lisukume na mti mrefu mpaka nje, kwenye udongo mtupu, halafu kaeni mbali. Fanya sasa, nakusikiliza."

Akasikiliza viti vikianguka, vijana wakipiga kelele, kisha mlipuko mdogo, wa nje. Akahesabu pumzi zake mpaka Lemburis aliporudi kwenye simu akihema.

"Wametoka wote. Hakuna aliyeumia."

"Seli ulizipima?"

"Kuzipima vipi?"

"Siku ile hukuniuliza."

"Asante, Pakerr. Mungu akubariki, umeniokoa. Nakuja leo unieleze..."

"Jina hilo uliwaficha wazee wako," Elirehema alisema. "Na mimi usiniite. Mimi ni fundi."

Akakata simu, akaiweka mfukoni. Yule kijana wa duka la dawa akachuchumaa karibu, akauliza kwa nini tyubu husuguliwa kabla ya kupakwa gundi. Elirehema aliisugua, akapaka gundi, akabandika kiraka, akamrudishia baiskeli yake bila kumweleza chochote.