Siku Baraka Alipopitishwa

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tatu, tunaishi kwenye nyumba za kupanga kule Burnsville, Marekani, nilipoona mdogo wangu akinyanyuliwa juu ya maiti mbele ya kanisa zima. Hadi leo nikisimulia, mwili unanisisimka.

Mdogo wangu Baraka alikuwa hajaanza kutembea. Mama ni muuguzi, siku zile akifanya shifti za usiku, na aliyetulelea Baraka alikuwa jirani yetu Miss Lorene, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walitokea Mississippi. Mtoto alizoea kulala kifuani kwake. Miss Lorene alipofariki ghafla, Baraka akakataa chupa, akakataa na kulala. Alikuwa anashtuka, anakodolea macho kona ya dari, analia mpaka sauti inamkauka. Daktari alimpima akasema haumwi kitu. Huku nyumbani tunamwona anakonda.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Morogoro. Yeye hakuzunguka maneno.

"Marehemu hajamwachia," alisema. "Apitishwe chini ya jeneza, amsahau. Msipofanya hivyo atamfuata."

"Mama, hapa ni Marekani," Mama akamjibu kwa ukali. "Ukimwingiza mtoto chini ya jeneza la watu, watatuitia polisi. Mambo hayo yaache Morogoro, nakuomba."

Mimi neno "atamfuata" liliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikawa nalala nimemkumbatia Baraka, asije akaondoka.

Siku ya mazishi tulikwenda wote kanisani kwao, mjini Saint Paul. Kabla jeneza halijafungwa, dada yake marehemu, mama mnene mwenye kofia pana ya zambarau, aliinuka akauliza kwa Kiingereza, "Yuko wapi yule mtoto wa Lorene?" Mama alidhani anataka kumbusu tu, akamkabidhi. Yule mama akaenda naye moja kwa moja hadi kwenye jeneza, akamnyanyua juu ya marehemu, Baraka miguu inaning'inia.

Nilidhani wanataka kumzika naye. Mama alikuwa amesimama mdomo wazi, amekauka pale pale.

Aliyekwenda ni Bibi. Bibi asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji alitoka kwenye benchi, akazunguka jeneza, akasimama upande wa pili na kunyoosha mikono. Yule mama hakushangaa hata kidogo, akampa mtoto. Bibi akampokea, akamrudisha, akampokea tena, kila mmoja akinong'ona kwa lugha yake.

Baadaye, nje, Bibi alinituma nimuulize yule mama nani aliwafundisha. Alinitazama kama niliyemuuliza nani alimfundisha kula.

"Mama yetu alitufanyia sisi, na yeye alifanyiwa na mama yake. Mtoto aliyependwa na marehemu lazima apitishwe, la sivyo hatalala. Kwani kwenu hamfanyi?"

Nilipomtafsiria, Bibi alijishika mdomo, machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Wao wanapitisha juu, sisi chini. Wamechanganya kidogo, lakini si kitu."

Baraka alilala kwenye gari kabla hatujafika barabara kuu. Labda alichoka tu. Mama ndivyo alivyotaka kuamini, na mimi sibishani naye. Lakini akiwa anaendesha alimuuliza Bibi bila kugeuka, "Mama, Baba alipofariki nikiwa mdogo, na mimi nilipitishwa?"

"Ulipitishwa," Bibi akasema. "Ulilia kweli kweli."

Shuleni huku nilifundishwa kwamba mababu wa Wamarekani weusi walipoletwa utumwani kutoka Afrika walinyang'anywa kila kitu: majina, lugha, hata dini zao. Niliamini, tena niliwahurumia. Sasa ni mtu mzima na siamini tena kwamba ilikuwa kila kitu. Mababu wa Miss Lorene huenda walitoka mbali sana na milima ya Bibi ya Morogoro, huko Afrika Magharibi ambako hata yeye hajawahi kufika. Sijui, na sidhani kama yupo anayejua. Ninachojua kinanishtua leo kuliko siku ile: Bibi aliinuka katika kanisa la wageni, na hakuna aliyemwelekeza asimame wapi.