Wakia za Mkojo wa Baba

Baba aliponiambia, "Mwaga, uandike kama jana," nilipaswa kukataa. Nilijua kukataa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana nilikuwa nimemaliza skuli ya sekondari na nyumba nzima pale Kisauni ilikuwa ikinyamaza ninapoanza kusema. Nikajibu, "Naam, baba."

Ulikuwa mwaka wa kabla ya uhuru. Baba alikuwa na duka la mchele na mafuta ya taa njia ya kwendea Junda, na alikuwa na maradhi ya ini. Macho yalikuwa manjano, na tumbo limejaa maji hata kanzu ikapanda kwa mbele. Hakuonja ulevi maisha yake, lakini majirani waliokuja kumjulia hali walinivuta pembeni na kuniuliza, kwa huruma nyingi, alikuwa akinywea wapi.

Daktari wa hospitali kule kisiwani alikuwa akimdunga sindano ya dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, mara mbili kwa wiki. Alinichagua mimi, msomi, akanipa chupa kubwa yenye mistari ya wakia na karatasi ya kuandikia mkojo wa kila siku. Akanieleza polepole kwamba ini likiharibika namna ile, mafigo huweza kufa kimyakimya.

"Na damu yake isikudanganye," alisema. "Ile taka tunayoipima kwenye damu hutengenezwa na ini. Ini bovu haliitengenezi ya kutosha, basi kipimo hutoka kizuri na huku mafigo yamekwisha. Mkojo ndio utakaotwambia mapema. Ukipungua siku mbili mfululizo, mlete nisimamishe sindano. Mafigo yakichoka, sindano hiyo itamuua."

Niliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa jambo alilolijua tangu utotoni.

Siku nne za mwanzo nilipima kwa haki. Chupa ilikaa uani, nimeifunika kwa kawa ili nzi wasiingie. Mama alipoiona alishika kiuno.

"Wana wa wenzangu wametoka skuli wakaenda bandarini kuwa makarani," alisema. "Wangu mimi karudi na chupa ya mikojo, na kawa yangu ya chakula kaichukua."

Kwa baba haikuwa mzaha. Mkojo ni najisi, naye alikuwa mtu wa kujihifadhi sana. Kila alipokinga chupani kwa mikono ile iliyotetemeka aliona tone limemrukia, akabadili nguo nzima kabla ya swala. Siku ya tano mzee mwenzake wa msikitini alikuja kumtazama, akapita uani kutia udhu, na alipoifikia chupa akainua kanzu yake kwa vidole viwili. Baba alimwona kutoka kitandani. Mgeni alipoondoka, aliniita.

"Skuli hiyo ndiyo iliyokufunza kuweka najisi katika nyumba inayoswaliwa?"

"Daktari ndiye aliyeagiza, baba."

"Daktari haswali hapa. Mwaga, uandike kama jana. Kwani mkojo wa leo utakwambia nini ambacho wa jana haukusema?"

Nilijiambia kwamba namtii mzazi. Ni kweli, lakini kweli nusu. Nilikuwa kijana anayengojea kazi ya ofisini, na kubeba chupa ile mbele ya wageni kulinishushia hadhi. Amri yake ilinifaa.

Sikuandika namba ileile kila siku; hayo ni makosa ya wajinga. Niliandika wakia thelathini na nane, kisha arobaini na moja, kisha thelathini na tisa na nusu. Ile nusu niliifikiria kwa makini sana. Daktari akaisoma karatasi, akasema laiti jamaa wa wagonjwa wote wangekuwa kama mimi, akadunga sindano nyingine.

"Baba yako siku hizi haendi chooni," mama alisema wiki ya pili.

"Anakunywa maji kidogo," nikamweleza, mimi tabibu wa nyumba.

Kisha akaanza kwikwi, na usingizi wa mchana kutwa. Siku aliposimama kuswali akielekea upande usio kibla, tulikodi teksi tukavuka daraja. Walimtia mpira, ukatoka mkojo mweusi usiojaza kikombe cha kahawa. Daktari aliutazama, akaitazama karatasi yangu.

"Namba hizi ni za nani?"

Nikamwambia. Hakunikemea; ningependa angenikemea.

"Ini lingemuua," alisema, "lakini si sasa. Ungeniletea namba za kweli, ningesimamisha sindano wiki iliyopita. Pengine angepata mwaka mwingine."

Baba alifariki siku ya tatu. Matangani watu waliniambia siku zake zimefika, nami nikawaitikia, hali namjua aliyezisogeza.

Mama nilimweleza alipotoka eda. Nilingoja miezi minne na siku kumi, kwa heshima, ndivyo nilivyoiita. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye alikutuma," alisema. "Lakini wewe ndiye uliyeambiwa na daktari."

Alikaa kwangu miaka mingi baadaye. Alipougua, dawa zake alisomewa na jirani, na barua zake pia. Nilimpotezea baba mwaka ambao huenda angeishi, na mama yangu hakuniamini tena mpaka alipokufa.