Nati Sita za Tairi la Mbele

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Basi la makao ya wazee liliingia karakana saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mechi ilianza saa nne kamili. Basi liliondoka saa tano na dakika nane, na ilipofika saa tano na dakika kumi na saba nilijua kuwa tairi lake la mbele kushoto halikukazwa.

Aliyelifunga ni mjomba wangu, kaka wa mama, fundi wa breki kwa miaka ishirini na sita. Kazini huitwa Kepteni, kwa kuwa ujanani aliongoza timu ya mpira wa kikapu ya mji wetu, na goti lake la kulia halijasahau. Ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo cha ufundi. Alikisoma cheti changu hadi mwisho, akakirudisha ndani ya bahasha, akasema, "Sawa. Sasa nionyeshe mikono." Siku aliponiona nikipima unene wa pedi moja ya breki mara tatu aliniita Milimita, na jina likaganda.

Kanuni yake haikuwa na mjadala. Nati za tairi hufungwa kwa vidole gari likiwa juu ya jeki. Kisha gari hushushwa, na hapo ndipo hutumika spana ya kupimia, ile inayolia "tik" nati inapofika kiwango. Baada ya tik, mstari mmoja wa rangi nyeupe juu ya nati. "Usiniambie umekaza," alikuwa akisema. "Midomo hukaza kila kitu. Nionyeshe rangi." Karakana nzima iliiamini rangi hiyo. Hata madereva walijifunza kuhesabu mistari kabla ya kuwasha gari. Spana yenyewe ilikuwa moja tu, na ufunguo wa kabati lake nilikabidhiwa mimi.

Kwa mtu wa namna hiyo, kubeti kulikuwa jambo nisiloweza kulielewa. Alianza mwaka uliotangulia, timu yake ya zamani iliposhinda mechi saba mfululizo. Alisema itashinda ya nane kwa sababu imeshika moto, ikashinda. Kisha ukaja ukame. Timu ilishindwa tatu, ikashindwa sita, ikashindwa tisa, na kila wiki alisema safari hii itashinda kwa sababu imechoka kushindwa.

"Mjomba," nilimwuliza siku moja, "ikishinda unasema itashinda, ikishindwa unasema itashinda. Kanuni ni ipi?"

"Baada ya dhiki, faraja."

"Na gari lililokataa breki mara tisa, ungelipanda mara ya kumi?"

Alicheka, lakini akitazama pembeni. "Wewe ni mtu wa vyuma, Milimita. Chuma hakina moyo. Wale vijana wana moyo."

Jumamosi hiyo timu ilikuwa imeshindwa mechi kumi na moja. Juu ya ile ya kumi na mbili alikuwa ameweka mshahara wake wote wa mwezi. Aliniambia asubuhi, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa, akaongeza kuwa mkewe hajui.

Dereva wa basi la wazee tulimwita Taratibu. Akiwa njiani huzima simu na kuifungia ndani ya dashibodi, na hujivunia jambo hilo kama wenzake wanavyojivunia mwendo kasi. Abiria wake kumi na wawili, waliokuwa wakienda kliniki ya macho ng'ambo ya mteremko wa machimbo, walikaa kwenye benchi kivulini huku Mjomba akibadilisha pedi za breki. Simu yake ilikuwa juu ya tairi alilolivua, ikitangaza mechi.

"Kepteni, leo mnapigwa ngapi?" Taratibu aliuliza.

"Leo hatupigwi."

"Timu yenu ingekuwa ng'ombe, ingeshachinjwa."

Bibi mmoja mwenye mkongojo akaingilia. "Mwache. Mimi nilimngoja mume wangu aache pombe miaka thelathini."

"Akaacha, Bibi?"

"Alikufa. Nako ni kuacha." Wenzake walipomaliza kucheka akaongeza, "Dereva, ukifika kituo cha mafuta unisimamishie."

"Bibi, hata hatujatoka."

"Ndiyo maana nakuambia mapema."

Mimi nilikuwa upande wa pili, nikifunga magurudumu ya pikapu ya mwuza mbao. Robo ya tatu iliisha timu ikiwa nyuma kwa alama kumi na nne. Nilimwona Mjomba akisimama, akachutama, akasimama tena. Nilisikia jeki ikishuka. Niliiona brashi ya rangi mkononi mwake, macho yakiwa kwenye simu. Taratibu alizunguka basi, akainama, akahesabu mistari sita, akaridhika.

Nilipomaliza pikapu niliirudisha spana kabatini. Mlangoni huwa na karatasi ya kuandika saa ya kuitoa na saa ya kuirudisha. Niliandika, kisha kalamu ikasimama. Spana ilikuwa mikononi mwangu tangu saa nne na nusu. Jeki ilishuka saa tano. Nilisoma saa nilizoandika mara ya pili na ya tatu, nikitumaini kwamba nilikosea saa.

"Mjomba, nati za basi umezikaza kwa kitu gani?"

"Kwa spana." Hakuinua macho. "Zimebaki alama tatu tu, Milimita."

"Spana ipi?"

Hapo aliinua macho. Alinitazama mimi, akalitazama kabati, kisha akaigeuza mikono yake na kuangalia viganja kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Vidole," alisema. "Nilizifunga kwa vidole."

Niliitoa tena spana kabatini, tukaichukua pikapu bila kumwomba mwenyewe. Niliendesha mimi, yeye akashika simu. Alimpigia Taratibu mara nne, na mara nne simu ilikuwa imezimwa. Mteremko wa machimbo uko kilomita kumi na mbili kutoka karakana, una kona tano, na chini yake kuna bwawa.

Mjomba alitoa kichwa dirishani, akiichunguza lami. "Ya kwanza hujifungua yenyewe," alikuwa akisema, si kwangu. "Zikitoka tatu, gurudumu linaanza kucheza. Atadhani ni barabara mbovu."

"Nyamaza, Mjomba."

Sikuwahi kumwambia mkubwa wangu neno hilo.

Kwenye kona ya ghala la saruji aliniambia nisimame. Alishuka akichechemea, akarudi na nati moja kiganjani. Mstari mweupe ulikuwa bado juu yake. Aliifumbata kwa mikono miwili na hakutazama tena barabarani. Kuanzia hapo nilitazama mimi, mtaro baada ya mtaro, nikiogopa kuona rangi ya bluu ya basi lile.

Niliiona kwenye kituo cha mafuta, mita mia nne kabla ya mteremko. Basi lilikuwa limesimama wima. Taratibu aliegemea mlango, mikono kifuani.

"Bibi yuko chooni," alisema. "Robo saa hii. Na nyie mnamkimbilia nani?"

Mjomba alikuwa ameshapiga magoti. Nati tatu zilikuwa zimebaki, na zote zilizunguka chini ya vidole vyangu viwili bila nguvu yoyote. Taratibu aliinama, akaona, akazihesabu.

"Nilihesabu mistari sita, Kepteni."

"Ndiyo," Mjomba alijibu. "Ilikuwepo."

Nilikaza kwa spana zile tatu na ile tuliyoiokota: tik, mara nne. Mbili hazikuonekana, na basi halikusogea hadi nyingine zilipoletwa kutoka karakana. Simu ililia mara tatu mfukoni mwa Mjomba. Hakuitoa.

Bibi alitoka akiburuta mkongojo, akatukuta bado tumepiga magoti. "Nani kafa?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi inukeni, mnatuchelewesha."

Tuliporudi, mwuza mbao hakuuliza kuhusu pikapu yake. Alimpigia Mjomba makofi. Timu ilikuwa imeshinda kwa alama moja, katika sekunde za mwisho. "Kepteni, dhiki imekwisha," alisema. Mjomba alikwenda nyuma ya rundo la tairi kuukuu, na nilimsikia akitapika.

Jioni alimweleza mkewe yote, kisha akamkabidhi alichoshinda. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Angeshindwa, ningejua kwamba ameacha. Ushindi ule ndio ulionitia hofu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe kumi na nne Machi ilikuwa Jumapili, karakana ilikuwa imefungwa, na Mjomba alibeti. Siku sita nyingine za wiki, saa za kazi, simu yake hukaa ndani ya kabati la spana, na ufunguo ninao mimi.