Maoni ya Mama Yamekataa Kuhama

Nimechoka, rafiki yangu. Wiki hii yote ninahamisha blogu yangu, kwa sababu kampuni iliyokuwa ikiihifadhi imesema inafunga. Hapa Kalemie mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Picha inapanda nusu, umeme unakatika, unaanza upya. Maandishi yangu yamefika kwenye jukwaa jipya. Maoni ya wasomaji ndiyo yaliyokataa kuhama, na mwisho wa mwezi yatafutwa. Kati yake yamo ya mama yangu, na mama alituacha mwaka jana.

Kuhama si kitu kigeni kwangu. Nilipokuwa mtoto tulitoka karibu na ziwa tukaenda mlimani, maana kila mvua iliponyesha korongo lilizidi kula kiwanja chetu. Kwetu mtu hahami na masanduku tu, anahama na nyumba. Papa, yaani baba yetu, alibandua mabati akayaandika namba kwa makaa, akang'oa madirisha, na mlango ukapanda mlima juu ya kichwa. Siku ile tulikula ugali baridi na ndakala, wale samaki wadogo waliobaki kwenye mkeka, tumekaa katikati ya kuta zisizo na paa. Sisi watoto tuliona raha tupu.

Lakini jirani hakubebeka. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti nene, upande wa pili wa ua wa matete. Jioni, mama alipochambua ndakala huku akitusimulia baridi ya Kirungu alikozaliwa, jirani alimkatiza kutoka kwake, akisema haikuwa hivyo hata kidogo. Wote wawili walitoka huko, na kila mmoja alikuwa na Kirungu yake. Walibishana mpaka moto ukafifia, kisha wakapeana chumvi juu ya ua. Jioni ya kwanza mlimani, mama alianza hadithi, akafika pale alipozoea kukatizwa, akanyamaza. Tulimngoja aendelee. Akasema amechoka, twende tukalale.

Nadhani ndiyo sababu, alipopata simu uzeeni, alijifanya jirani yangu. Kila nilichoandika alikisoma, na hakukosa neno. Nilipoeleza jinsi papa alivyobeba mlango, aliandika chini yake: "Hapana, mutoto yangu. Ule mulango njo mimi nilibeba. Papa yako alibeba redio." Nilicheka peke yangu kazini, bironi, mpaka wenzangu wakaniuliza nina nini.

Basi juzi nilikaa nikaanza kunakili maoni yake kwenye jukwaa jipya kwa mkono, moja baada ya lingine. Mgongo uliniuma, macho yaliwasha, mega za mtandao zikaisha nikatoka kununua nyingine. Sikuacha kitu, hata pale ambapo hakusema lolote kuhusu maandishi yangu, aliuliza tu: "Umekula?"

Nilipomaliza nikafungua ukurasa kuutazama. Jukwaa jipya limeweka jina langu juu ya kila neno lake, na picha yangu pembeni, na tarehe ya juzi. Nimejaribu kubadilisha, limekataa, na sina nguvu ya kujaribu tena. Atakayepita huko leo atakuta mtu mmoja tu, anabishana na nafsi yake, anajiuliza kama amekula.