Nani Aligonga Upande wa Pili

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Mtinko, filamu ililipiwa kwa yai. Vijana wa leo wakisikia wanacheka, na wacheke tu, wao wanalipia bando kisha wanaangalia filamu nzima kwenye kioo cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Sisi tulikuwa na Salimu. Kila siku ya mnada Salimu alifika na mkokoteni wa punda, juu yake jenereta, televisheni iliyofungwa kwenye blanketi, na tenga tupu la kuwekea mayai. Alipanga vitu vyake nyuma ya mashine ya kusaga, akaziba madirisha kwa magunia, akakaa mlangoni. Ukimpa yai analitikisa sikioni. Likicheza ndani anakurudishia mbele ya watu: "Hili viza, mpelekee mama yako."

Mama yangu aliishi miaka mingi akimshuku kuku wake mwekundu. "Huyu kuku simwelewi," alikuwa anasema, "anapiga kelele kama ametaga, nikienda kwenye kiota sikuti kitu." Mimi najichotea mlenda, macho kwenye ugali, kimya. Siku aliyonikamata alisema maneno machache tu: "Leo yai, kesho ng'ombe." Fimbo ndiyo iliyoongea zaidi.

Kabla sijaenda mbali, niseme wazi kwamba naandika haya nikiwa na kinyongo, na majina nitayataja. Elimu yangu ni darasa la tano, sijui kuzungukazunguka. Walionikosea ni Mzee Mpondo, ni Hamisi rafiki yangu, na ni yule mtu, popote alipo duniani, aliyetengeneza sehemu ya pili ya Ile ya Mlango.

Ile ya Mlango ndilo jina tuliloipa filamu yetu. Kanda yake ilikuwa haina ganda, hivyo jina lake halisi hatukulijua. Na sauti yake vilevile hatukuisikia, maana jenereta lilinguruma huku na mashine ya kusaga kule. Sauti yote ilitoka kwa Kaka Njiku. Njiku ndiye aliyekuwa akiendesha ile mashine ya kusaga, na alikuwa na koo la kushindana nayo. Siku ya mnada alimwachia mwenzake mashine, akasimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, unga umemjaa kope, akatutafsiria. Alipoingia kwenye habari nzito alitema mate kwanza. Watu wa kwenye filamu aliwapa majina yetu ili tusipotee. Mkubwa wao, yule mwenye kofia na amri nyingi, alikuwa Bwana Shamba. Shujaa alikuwa Sungi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kuna nyota imekauka, maji yameisha, upepo unapiga vumbi jekundu, na mawe makubwa yamesimama kila mahali. Hapo tayari tulikuwa nyumbani, mtu wa Singida hahitaji kuelezwa upepo na mawe. Watu wakajenga chombo cha kuruka angani waende kutafuta maji. Siku ya kuondoka mlango ukagoma. Ukawa unafungika kwa nje tu, maana yake lazima mmoja abaki. Njiku akatema mate. "Sungi anasema, nendeni. Mkifika penye maji, mnikumbuke." Akaufunga mlango. Chombo kikaruka. Wanawake waliosimama dirishani wakichungulia kwenye matundu ya magunia walilia kama msibani.

Sungi akaingia pangoni, vumbi likaziba mlango wa pango. Akaokota chuma, akagonga ukuta. Mara tatu. Kimya. Njiku naye akanyamaza, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona amenyamaza. Kisha, kutoka upande wa pili wa mwamba, tukaona mavumbi yanadondoka: moja, mbili. Amejibiwa! Kioo kikawa cheusi.

"Sehemu ya pili inakuja," Njiku akasema. "Tokeni, wengine waingie."

Tulitoka weupe kwa unga kama mizimu, na ugomvi ukaanza palepale. Nani aligonga? Hamisi, tuliyekuwa tukichunga naye mbuzi, alisema wale wa kwenye chombo wamerudi kumchukua. Mimi nikasema watarudije na mlango unafungika kwa nje? Hao ni watu wa ndani ya mwamba, walikuwepo siku zote. Hamisi akaniita mchawi. Tulibishana malishoni mpaka mbuzi wakaingia kwenye alizeti ya watu, tukachapwa wote wawili, na tukiwa tumelala kifudifudi Hamisi ananong'ona, "Ni wale wa kwenye chombo."

Kugonga kukawa mtindo wa kijiji. Unafika kwenye choo cha shule, unagonga tatu. Ukijibiwa mbili, kuna mtu, subiri. Darasani mmoja anagonga dawati tatu nyuma, mwingine mbele anajibu mbili bila kugeuka, mwalimu anavunja fimbo kutafuta mwenye kosa. Hata mama, yule wa kuku mwekundu, nikigonga mlango tatu alijibu mbili kwa mwiko kwenye sufuria. Mtoto wa Mtinko wa enzi zile ukimgongea tatu akiwa usingizini atakujibu.

Sehemu ya pili haikuja. Salimu aliulizwa kila mnada. "Iko njiani," alisema, akatikisa yai. Tukaota ndevu.

Ukaja mwaka wa mvua mbaya, uwele ukafia shambani, mimi na Hamisi tukaenda machimbo ya dhahabu upande wa Ikungi. Kaka Njiku tulimkuta huko, ametutangulia, anaendesha pampu ya kuvuta maji. Shimo la kuchimbia huitwa duara, na duara letu lilikuwa la Mzee Mpondo. Namtaja tena: Mpondo. Wenzake walitegemeza kuta kwa magogo kila hatua, yeye akasema mwamba wake ni mgumu, magogo ya nini. Asubuhi moja mwamba mgumu ukashuka. Wenzangu walikuwa wameshapanda juu. Mimi nilikuwa kwenye njia ya pembeni, kifusi kikaziba, jiwe likaukalia mguu wangu wa kulia.

Sitawachosha na giza, giza ni giza. Niseme tu kwamba nilikuwa na moko mkononi, ile tindo fupi ya kuchimbia, na baada ya kulia nilikolia mkono wenyewe ukagonga. Mara tatu. Kimya. Nikagonga tena. Sijui ilipita saa ngapi. Kisha, mbali sana ndani ya mwamba, nikasikia: moja, mbili.

Jamani, nilicheka. Mtu mguu umebanwa, kinywa kimejaa mchanga, anacheka! Nikajiambia, Elia, sasa huwezi kufa, sehemu ya pili hujaiona. Na kila nilipotaka kulala ule usingizi usio mzuri nikagonga tatu. Safari nyingine sikujibiwa. Safari nyingine nilijibiwa. Kwa hizo mbili ndiyo niko hapa naandika.

Walinifikia siku ya tatu. Juu nikamkuta Njiku, na watu sita au saba, mikono yote imechubuka. Nikaambiwa Mpondo aliwaambia siku ya kwanza, "Pumzikeni, huyo keshakwenda." Nikauliza Hamisi yuko wapi. Wakatazamana. Hamisi aliondoka na lori siku ileile ya ajali. Mguu ulipona vibaya, jina nikapewa Lazaro, ingawa Lazaro wa kwenye Biblia alikaa siku nne na mimi sikuzifikisha. Hamisi sikumsemesha tena. Akirudi Mtinko kusalimia ndugu, mimi napita njia ya juu. Mwezi unapita, mwaka unapita, kinyongo nakilisha kama ng'ombe wa mahari.

Miaka kadhaa baadaye, Njiku akaja kwangu kwa baiskeli, jasho linamtiririka. "Lazaro! Imefika! Nimeliona lile pango kwenye bango, Singida mjini!"

Tukaenda. Nilivaa shati la kanisani. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, kioo kikubwa ukutani, spika pembe zote. Hakuna mtafsiri wa kusimama, tafsiri ilikuwa imeshaingizwa ndani, kijana wa mjini anaongea haraka kama mnadishaji wa mitumba. Njiku akakaa kando yangu, mikono mapajani, hana kijiti.

Sasa nisikilizeni, maana watu huwa wananiambia ni filamu tu. Kwanza, kumbe Sungi hakubaki kwa hiari. Alikuwa mfungwa, walimfungia nje kwa nguvu. Pili, badala ya kuzeeka amekuwa kijana! Miaka kwenye nyota kavu imempa misuli na meno meupe. Ana bunduki tatu na mchumba. Kila kitu kinalipuka. Nyota yetu yenye upepo na mawe ikapasuliwa katikati kama tikiti. Mimi nikavumilia, nikasema, lete pango. Lete pango tu.

Pango likaja. Sungi akawasha taa, akaenda upande wa pili wa ukuta. Akakuta bomba. Bomba la chuma lililolegea, upepo ukivuma linagonga mwamba. Akalishika, akaling'oa, akaendelea na bunduki zake.

Bomba.

Kisha nyuma kabisa gizani sauti ya mwanamume ikapasuka: "Rudisheni yai!" Watu wa mjini hawakuelewa. Mimi nilicheka mpaka machozi, kisha nikaacha, kwa sababu sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Hamisi. Sikugeuka.

Nimewaza sana kwa nini watu hawa hutengeneza sehemu ya pili na kutuumiza. Nadhani hawajui kwamba sisi hatukukaa bure. Miaka yote ile wakitafuta misuli na meno, sisi tulishajibu lile swali malishoni, mara mia, kila jibu tumelipigania na kuchapwa kwa ajili yake. Halafu anakuja mtu na bomba. Hata angeleta malaika tungenung'unika, lakini bomba! Na mwishoni majina yao yanapanda kwenye kioo mbio mbio, herufi ndogo, kama watu wanaokimbia nyuki.

Tulipotoka nikamwambia Njiku, "Kaka, ulitudanganya. Sungi alikuwa mfungwa."

Njiku akasukuma baiskeli kidogo. "Lazaro, mimi Kiingereza nilikijulia wapi? Mashine ile ingenifundisha? Nilikuwa naangalia nyuso zao tu, naona huyu ana huzuni, huyu ana woga. Mengine nikaweka ya kwetu."

"Kwa hiyo ile filamu…"

"Picha zao. Maneno yangu."

Nikasimama. Nikaona hapo ndipo penye ugonjwa wote: tulikuwa tunasubiri sehemu ya pili kutoka kwa wazungu, na mwenye filamu alikuwa anasukuma baiskeli kando yangu. Nikapata ujasiri wa kuuliza nililoshindwa kuuliza siku zote. "Na kule shimoni, kaka? Nani aligonga?"

Alitema mate, kama zamani. "Subiri sehemu ya pili."

Njiku tumeshamzika. Hakuniambia.

Sasa mwezi uliopita nimekaa nje ya banda langu la kutengeneza baiskeli, mpwa wangu Neema yuko ndani ana nyuzi masikioni, anaangalia sehemu ya tano ya sijui nini. Hao wakimaliza filamu hawagombani. Wanasema "kali" au "mbovu", wanafuta, nafasi iingie nyingine. Pikipiki ikasimama. Akashuka mzee mwenye nywele nyeupe. Ilinichukua muda kumwona Hamisi ndani yake.

"Lazaro."

"Mimi ni Elia."

"Haya, Elia. Hata kiti hunipi?"

Nikampa kiti. Neema akatoka, akamwamkia shikamoo, akaleta chai, akarudi kwenye simu. Hamisi akapuliza chai muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

"Nimeugua," akasema. "Sitaki kufa na hili. Siku ile ya duara wewe unajua nusu. Lile lori lilinipeleka… Ngoja. Nataka nikwambie nani aligonga."

Moyo ulinipiga kama mashine ya kusaga. Ndilo swali nililolala nalo na kuamka nalo nusu ya maisha yangu. Huenda ni Njiku. Huenda ni Hamisi mwenyewe, lori lilikwenda kuleta watu na yeye akarudi nalo, na mimi nimemnunia bure mpaka tumezeeka. Na huenda, Mungu wangu, ni pampu. Chuma kimelegea. Nikaliona lile bomba, wenzangu. Nililiona wazi kabisa, na mkono unaling'oa.

"Hamisi," nikasema, "kunywa chai."

"Elia, niache niseme. Mimi siku ile…"

Nikagonga meza. Mara tatu.

Alikuwa ameinua kikombe. Akakiweka chini, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukajibu: moja, mbili. Tukatazamana. Midomo ikaanza kumcheza, na yangu pia, tukaangua kicheko kile cha kushika mbavu, wazee wawili, chai inamwagika. Neema akatoa nyuzi masikioni, akachungulia mlangoni.

"Mjomba, nani anagonga?"

"Wale wa kwenye chombo," Hamisi akasema.

"Muongo," nikasema. "Watu wa ndani ya mwamba." Na tukaanza upya, mpaka jua likazama nyuma ya mawe.

Neema alituangalia kidogo, akarudisha nyuzi zake. Yeye ana sehemu tano, zote mfukoni, na hana wa kugombana naye. Sisi tulikuwa na sehemu moja, isiyo na sauti, ya yai, na bado haijaisha. Jina la Hamisi nimeliandika huko juu na sitalifuta, karatasi ni moja. Lakini mhesabuni kuwa ametoka kwenye orodha ya walionikosea. Wabaki Mpondo na yule wa bomba.