Pini Mdomoni

Fundi cherehani wetu wa Makorora mguu wake hautulii; hata kitambaa kikiisha, yeye anakanyaga tu, utadhani ana safari. Tangu kampeni zianze, mteja akigusa habari za uchaguzi, fundi hujaza pini mdomoni.

"Fundi, mkweo anagombea udiwani! Kura yako si ya nyumbani hiyo?"

"Mmh," huguna, basi.

Jana akaja binti yake Sabiha, mke wa huyo mgombea, akamkingia kiganja. "Baba, hebu zitoe pini. Mume wangu utampa kura, humpi?"

Akazitoa moja moja, kama anayeng'oa meno. "Mumeo nampenda, mwanangu, akija Idi. Lakini udiwani hauwezi."

Sabiha akafumba kiganja na pini zake ndani. Mguu wa fundi, kwa mara ya kwanza, ulikuwa umetulia.